Siku Ng'ombe wa Kilio Alipouzima Mtambo Wangu wa Lami

Mimi ni mtu ambaye hakuna jambo linaloweza kumshangaza. Kushangaa nilikumaliza nikiwa kijana. Nimevunja kokoto kwa nyundo ya mkono nikiwa sina kaptura ya pili. Nimekuwa taniboi wa lori la Mhindi, nikilala juu ya magunia ya mahindi ya Lugari huku mvua ikininyeshea. Darasa la pili nilimaliza, la tatu nililichungulia dirishani. Lakini Uhuru ulipofika nilikuwa na malori mawili na tipa moja, nyumba ya saruji na mabati pale Shieywe, na karani wa benki akiniona naingia alikuwa anasimama. Mtu aliyepita njia hiyo, utamshangaza na nini?

Nikanunua mtambo wa lami. Mzungu mkandarasi aliyekuwa akitengeneza barabara upande wetu alikuwa anafunga mizigo arudi kwao, na vyuma vile hakuweza kuvipakia melini. Akaniita, akanionyesha, akataja bei akidhani nitacheka. Sikucheka. Nililipa nusu palepale na nusu baada ya kuuza lori moja. Watu wa mjini walisema nimenunua kichaa cha chuma. Wengine walikuja Jumapili na watoto wao kuutazama, wakausifu, kisha wakaulizana pembeni kama mimi na darasa langu la pili nitaujulia wapi.

Niliujua. Nitaeleza, na anayetaka kubisha abishe.

Kuna mitambo inayopika lami kama mama anavyopika ugali, sufuria kwa sufuria. Inapima, inachanganya, inamwaga, inapumzika. Wangu haukuwa wa namna hiyo. Wangu ulikuwa wa kutiririka. Ukishaanza asubuhi unakwenda mfululizo mpaka umalize kazi ya siku, kama mto, na hakuna mahali ndani yake ambapo kitu kinakaa kikingoja.

Mwanzoni kulikuwa na masanduku makubwa ya chuma, wazi juu. Moja la kokoto kubwa, moja la ndogo, moja la mchanga, moja la vumbi la mawe. Chini ya kila sanduku kulikuwa na mlango mdogo wa kupandisha na kuteremsha kwa skrubu, na chini ya milango hiyo ulipita mkanda wa mpira. Hapo hapakuwa na mizani. Kipimo chote kilikuwa ule upana wa mlango na mwendo wa mkanda. Ukifungua mlango wa mchanga upana wa kidole zaidi, barabara nzima inabadilika. Mzungu alikuwa ametia alama za rangi nyekundu kwenye skrubu, nami nikazipaka upya kwa mkono wangu.

Mkanda ulipeleka mawe kwenye pipa. Nisemapo pipa usifikirie la maji. Lilikuwa refu kuliko lori, limelazwa kwa mteremko kidogo, linazunguka polepole juu ya magurudumu ya chuma. Upande wa chini palikuwa na moto, mafuta mazito yakipulizwa kwa upepo wa feni mpaka ulimi wa moto ukaingia ndani na kunguruma. Ndani ya pipa kulikuwa na vibao vya chuma vilivyoinua mawe juu na kuyaachia yaanguke katikati ya moto kama pazia. Yaliingia upande wa juu yakiwa baridi na yenye maji, yakatokea upande wa chini makavu, na ukiyatemea mate, mate yanaruka. Kutoka hapo ndoo zilizofungwa kwenye mnyororo ziliyapandisha mpaka juu kwenye chekecheke, yakachekechwa, yakateremka kwenye kinu.

Kinu ndicho kilichokuwa roho ya mtambo. Ni sanduku refu lenye fito mbili za chuma, na kila fito ina makasia yanayosukuma na kukoroga. Mawe yanaingia upande mmoja yakiwa meupe kwa vumbi, pampu ya lami inayamwagia, na kufikia upande wa pili yametoka meusi yanayong'aa, yanaangukia kwenye lori. Na pampu ile ilikuwa imefungwa kwa mnyororo na kile kifaa kinachoyalisha mawe kwenye kinu. Mawe yakienda, lami inaenda. Mawe yakipunguza mwendo, lami nayo inapunguza. Mnyororo huo niliupenda kuliko vitu vyote. Ulikuwa mwaminifu kuliko karani yeyote niliyewahi kumwajiri.

Lakini mtambo wa kutiririka una sharti lake moja. Hauzimwi ghafula. Unafunga kwanza milango ya masanduku, unaliacha pipa limalize kilicho ndani, unaziacha ndoo zimalize, unakiacha kinu kiteme cha mwisho, ndipo unafunga lami, unasukutua kinu kwa dizeli, unazima moto, na pipa unaliacha likizunguka tupu mpaka lipoe. Ukiuzima umejaa, kile kilicho kwenye kinu kinaganda kikawa barabara. Na pipa lililosimama likiwa na moto na mzigo linalegea katikati kama godoro bovu.

Hayo nilifundishwa na fundi wa moto, ambaye alikuwa shemeji yangu, ndugu mdogo wa mke wangu. Alikuwa amefanya kazi na yule Mzungu tangu ujana, na mtambo uliponunuliwa ni kama naye alinunuliwa pamoja nao. Kazi ya moto haikutaka mtu mwingine. Alisimama pale kwenye mdomo wa pipa kutwa nzima, mkono kwenye bomba la mafuta, akisikiliza mngurumo na kutazama rangi ya moshi. Mvuke ukizidi, anaongeza moto. Vumbi likizidi, anapunguza. Chakula alikula akiwa amesimama, obusuma, ugali wetu, mkononi, macho kwenye bomba la moshi. Alikuwa na ulimi pia. Kila nilipomsogelea alikuwa akisema, "Karibu shemeji, lakini usiguse."

Kazi niliyopata ilikuwa kipande cha barabara kutoka mjini kuteremkia mto Isiukhu na kupanda ng'ambo kuelekea upande wa Mumias. Mtambo nikausimamisha kando ya machimbo ya mawe, juu kidogo ya mto. Msimamizi wa Serikali alikuwa injinia kijana, Mwafrika mwenzetu aliyesomea Uingereza, si mtu wa kwetu. Soksi zake zilifika magotini na hakuwa na maneno mengi. Siku ya kwanza ya kumwaga lami mvua ilikuwa imenyesha jioni iliyotangulia, kama inavyonyesha Kakamega karibu kila jioni, na mchanga ulikuwa umelowa. Mchanga uliolowa unavimba, basi kwa mlango uleule ukapita mchanga mchache na maji mengi. Moto ukashindwa kukausha. Mchanganyiko ulitoka ukifuka mvuke, umelainika kama uji, ukajilaza ndani ya lori. Injinia akachomeka kipimajoto chake, akatazama, akatikisa kichwa, akaamuru malori mawili yamwagwe kando.

"Mzee," akaniambia, "hii ni mara ya kwanza. Ukiniharibia mara ya pili, maili zilizobaki nampa mkandarasi wa Kisumu. Nimekwisha kuzungumza naye."

Hilo la kuzungumza naye ndilo lililonichoma. Nikakopa benki, nikakodi malori zaidi, nikajenga banda la mabati juu ya mchanga, nikanunua maturubai. Injinia akanipa siku nyingine, Alhamisi, akasema mvua ndefu zinakuja na siku nyingine hana. Kila kitu changu kilikuwa juu ya Alhamisi hiyo. Nikikosa, nabaki na chuma kisicho na kazi, na benki ikiningoja, na mji mzima ukicheka.

Jumatatu baba mkwe wangu akafariki.

Mzee huyo sikuzoea kumtaja kwa mzaha. Nilipomposa binti yake nilikuwa mvunja kokoto, mikono imepasuka, sina hata mbuzi. Ndugu zake walitaka kunifukuza. Yeye alisema nilete ng'ombe nitakapowapata, na binti akaniachia. Ng'ombe wa mwisho wa mahari nilimpeleka baada ya kupata mtoto wa tatu, na hakuwahi kuniuliza hata siku moja.

Kwa wakwe zangu, mzee akifa, mkwe huleta ng'ombe dume wa kilio. Humleta yeye mwenyewe na watu wake, kwa miguu, ng'ombe amevikwa majani na vitambaa kwenye pembe, ngoma za isukuti zikipigwa, na njiani kila mtu husimama. Mwenye baiskeli hushuka. Anayelima hulaza jembe. Ng'ombe huingia uani akizungushwa mbele ya maiti, ndipo mkwe anahesabiwa kwamba amekuja kulia. Maziko yakapangwa Alhamisi.

Shemeji yangu alikuja kuniaga Jumatatu hiyohiyo jioni. Yeye ndiye mwana wa kiume mkubwa aliyebaki, kwa hiyo ndiye mwenye kilio.

"Usiuwashe bila mimi," akasema.

"Nilianza kuwasha moto wewe hujaota meno."

"Moto wa kuchoma mahindi, shemeji."

"Moto ni moto."

Akautazama mtambo kama mtu anayemwacha mgonjwa hospitalini. "Basi ukiuwasha," akasema, "usitoke pale. Hata ukiitwa. Ukitoka, umeuua."

Nikakumbuka maneno hayo vizuri sana, kuliko alivyotaka yeye. Kwa sababu kama hakuna mwingine wa kushika moto, na mwenye kushika moto haruhusiwi kutoka, basi mimi Alhamisi sitaweza kwenda maziko kabla ya saa za jioni. Kumwomba injinia siku nyingine? Sikumwomba. Mimi sikufika nilipofika kwa kuomba. Nilitafuta njia ya mtu mwenye mali. Nilimnunua dume mkubwa kuliko wote waliokuwa sokoni Shianda, mweusi, shingo nene kama gogo. Nikaosha tipa kwa sabuni. Nikaamuru asubuhi ya Alhamisi ng'ombe apakiwe, pamoja na sukari, chumvi, na mafuta ya taa, dereva ampeleke mpaka mlangoni kwa wakwe.

Jumatano nikamweleza mke wangu. Alikuwa amekuja nyumbani kutoka kilioni kuchukua nguo za watoto.

"Ng'ombe ataenda na nani?" akauliza.

"Na dereva."

"Nimeuliza na nani, Baba watoto."

"Lori nimeliosha. Atafika mapema kuliko ng'ombe wote, hajachoka, hana vumbi."

Akakunja gauni la mtoto, akalikunjua, akalikunja tena. "Atashushwa vipi? Mtainua tipa amwagike kama mchanga?"

"Kuna ubao wa kushukia."

"Sawa," akasema. Akafunga furushi la nguo, akajitwisha, akaondoka. Mke wangu akisema sawa kwa sauti ile, mimi huwa natafuta kazi nyingine ya kufanya mbali na nyumba. Lakini kazi nilikuwa nayo tayari.

Alhamisi anga lilikuwa safi. Niliwasha moto mwenyewe. Ulinipulizia usoni mara moja ukaniunguza nyusi, kisha ukashika. Vijana walikuwa wachache, maana nusu ya watu wangu ni wa ukoo wa wakwe zangu na walikuwa kwenye kilio, lakini waliobaki niliwapanga. Mkanda ukaenda, pipa likanguruma, ndoo zikapanda. Mawe meusi yakaanza kutoka kwenye kinu, yanang'aa, moshi wa samawati juu yake, bila tone la mvuke. Injinia akachomeka kipimajoto kwenye lori la kwanza. Akachomeka kwenye la pili. La tatu hakuchomeka, akaandika kitu akaingia kwenye gari lake kuyafuata malori huko yanakomwaga. Nilimwona akitabasamu. Nilisimama pale jasho likinimwagika, mkono kwenye bomba la mafuta kama shemeji yangu, nikajiambia kwamba hakuna mtu katika wilaya hii, mweusi wala mweupe, anayefanya ninalofanya leo.

Adhuhuri dereva wa tipa akarudi. Gari lilikuwa tupu, lakini uso wake haukuwa uso wa mtu aliyepokelewa vizuri.

"Bosi, ng'ombe walimpokea," akanipigia kelele sikioni kwa ajili ya mngurumo. "Lakini hawakumpeleka uani. Wamemfunga nje ya boma. Sukari wamechukua."

"Wamesema nini?"

"Wameniuliza kama mwenye ng'ombe ni mgonjwa. Nikasema hapana. Wakauliza kama miguu yake imekatwa."

"Ukasemaje?"

"Nikasema yuko kazini. Hapo wakanyamaza, nami nikaona heri nije."

Sikuweza kutoka. Niliongeza moto kidogo ingawa haukuhitaji.

Ngoma nilizisikia kwanza miguuni, kabla ya masikioni, maana mtambo ulikuwa umeyajaza masikio. Nikatazama chini ya mlima. Watu walikuwa wanapanda kutoka mtoni, wengi, matawi mikononi, na mbele yao dume langu jeusi, majani yamefungwa pembeni, kamba mkononi mwa mke wangu. Walikuwa wanamrudisha. Si kumrudisha kwa kunitupia. Walikuwa wamekuja kunichukua mimi, nimlete ng'ombe kama wanavyoleta watu. Wanawake walikuwa wamekwisha kutunga wimbo, nao ulikuwa juu yangu. Walikuwa wanaimba kwamba ng'ombe wa tajiri ana miguu minne lakini anapandanga gari, na tajiri ana miguu miwili lakini hajui kilio kiko wapi. Wengine walikuwa wanacheka huku machozi yakiwatoka.

Mtu wangu wa injini, ile iliyozungusha mtambo mzima kwa mikanda, alikuwa mtu wa makamo, mtulivu, mfanyakazi mzuri. Alipomwona ng'ombe wa kilio akiingia uwanjani, alifanya kile ambacho mtu yeyote wa kwetu angefanya. Alivua kofia, akavuta mkono wa injini, akazima.

Hamjui ukimya huo. Pipa lilizunguka kidogo kwa uzito wake, likasimama. Ndoo zikasimama zimejaa. Feni ikakata pumzi na moto ukafa. Kwa mara ya kwanza tangu tuweke mtambo pale nikasikia maji ya mto.

Sikumpigia kelele. Ningemwambia nini mbele ya watu wale? Nilitembea mpaka kwa baba mdogo wa mke wangu, ndugu wa marehemu, mzee mrefu aliyejifunga ngozi mabegani, ambaye ndiye aliyeongoza msafara.

"Baba," nikasema, "nipe nusu saa. Niumwage mchanganyiko ulio ndani, halafu nitakuja na ng'ombe mpaka kwa mzee."

"Mkwe wetu," akasema kwa upole, "ndugu yangu yuko nje juani."

"Kidogo tu."

"Tunakungoja tangu asubuhi." Lakini akainua mkono, ngoma zikanyamaza. Alinipa nafasi, sitamsema vibaya.

Nikakimbilia injini. Iliwaka. Nikaunganisha mkanda wa injini, na kinu kikalia kama ng'ombe anayechinjwa, lakini fito hazikuzunguka. Kilikuwa kimejaa, na kila nilipopumua kilikuwa kinapoa. Shemeji yangu alikuwa amesogea mpaka karibu, peku, uso umepakwa majivu. Nikamwona anautazama mtambo na midomo inamcheza.

"Njoo unisaidie," nikamwambia.

Akanyoosha mkono, kisha akaurudisha.

"Mwenye kilio hashiki moto wala chuma kabla baba hajaingia ardhini," baba mdogo wake akasema kutoka nyuma, bila kupaza sauti.

Shemeji yangu akaweka mikono yote miwili mgongoni, akaikamata yenyewe kwa yenyewe, akaanza kuniambia kwa mdomo. "Fungua mlango wa chini wa kinu. Siyo huo. Wa chini. Chokoa kwa chuma kirefu. Sasa jaribu tena, polepole, usiachie mkanda ghafula, shemeji, polepole nimesema."

Nilichokoa. Kikaanguka kidogo, cheusi, kizito, kinanata kwenye chuma. Nikajaribu tena. Mkanda ukateleza, ukatoa harufu ya mpira unaoungua, ukalia, ukakatika. Kipande chake kilinipita usoni kikagonga bati.

Watu wote walikuwa wakinitazama. Mimi, mbele ya wakwe zangu, nimepakaa masizi na lami, nyusi zimeungua, nikiwa na chuma mkononi. Hata wale waliokuwa wanaimba hawakuimba.

"Umemaliza kuongea nacho?" mzee akauliza.

Nikamtazama shemeji yangu. Yeye alikuwa analitazama pipa. Alijua, nami nilijua, kwamba bado kulikuwa na nafasi, kwamba watu wanne wakiingia kwenye kinu na majembe sasa hivi, na wengine wakalizungusha pipa kwa nguvu ya mikono, huenda tungeokoa. Alijua pia kwamba hakuna mtu wa ukoo wake ambaye angeingia. Nikafungua mdomo nimwombe mzee nafasi nyingine.

Mke wangu hakunitazama. Aligeuza ng'ombe, akaanza kuteremka naye peke yake kuelekea mtoni. Hakuharakisha. Kamba ilikuwa imelegea mkononi mwake, na ng'ombe alimfuata kama aliyezaliwa nyumbani kwao.

Nikaweka chuma chini. Nikamfikia kwenye mteremko, nikashika kamba mbele ya mkono wake. Hakuniachia wala hakuninyang'anya. Tulikwenda hivyo, mkono wangu mbele, wake nyuma, na ngoma zikaanza tena.

"Nguo zako," akasema tulipokaribia mto.

"Zimefanyaje?"

"Utaingia hivyo kwa baba?"

"Nina nyingine wapi?"

Akafikiri. "Atakujua," akasema. "Alikujuanga hivyohivyo."

Tulimwingiza ng'ombe uani. Tulimzungusha. Nililia, na sikulia kwa kuigiza. Mama mkwe wangu alikuwa ndani ya nyumba, sikumwona wala haikufaa nimwone, lakini nilisikia akiulizwa na wanawake kama ng'ombe wa mkwe amefika, naye akasema amefika. Mzee akazikwa. Mkwe hajiagi msibani, huagwa, kwa hiyo nilikaa kwenye kigoda mpaka jioni nikila nilichopewa, na kila nilipomeza nilikuwa naona kinu kinavyopoa. Hakuna aliyenisimanga. Waliniheshimu sana siku ile, pengine kuliko siku yoyote. Waliniwekea nyama ya heshima.

Kuhusu lori, mimi mpaka leo naona lilikuwa wazo zuri. Siku hizi wenye mali wote wanapeleka ng'ombe kwa lori, na hakuna anayewaimbia. Tatizo langu ni kwamba nilitangulia.

Kesho yake injinia alinikuta nimesimama kando ya kinu. Alichungulia ndani, akagonga kwa kalamu. Ililia kama imegonga ukuta.

"Nani ameuzima?"

"Palikuwa na msiba," nikasema. "Wa baba mkwe."

"Jana?"

"Jana."

Akavua miwani, akaipangusa. "Mzee, mbona hukuniambia? Hata mimi nina wakwe. Ningekupa Jumanne, mvua au hakuna mvua."

Aliongeza kwamba ameshaandikia ofisi yake asubuhi ile, na karatasi ikishatoka haiitwi ikarudi. Maili zilizobaki zilikwenda Kisumu. Yule mkandarasi alikuja na mtambo wake, akauweka upande wa pili wa mto, na wiki nyingi nilisikia mngurumo wake nikiwa nimeketi kwenye machimbo yangu. Kipande chetu cha asubuhi ile kipo. Ukienda kwa gari kuteremkia Isiukhu utakijua, ndicho ambacho hakijapata mashimo.

Shemeji yangu alirudi baada ya kunyolewa nywele za matanga. Tulichonga kinu kwa patasi na nyundo, yeye akiwa ndani, mimi nikiwa nje napokea mabonge. Nyundo mimi naijua, hapo hakuniambia nisiguse. Tuliwasha moto wa kuni chini yake kulainisha. Kinu kilifunguka, lakini fito moja ilikuwa imepinda, na pipa lilikuwa limelegea katikati. Tulipolizungusha lilipepesuka juu ya magurudumu yake kama mlevi. Shemeji yangu alilitazama likizunguka, akazima, akasema, "Hili limekwisha, shemeji," akaketi chini ya masanduku, na ndipo nilipomwona akimlilia baba yake kwa mara ya kwanza.

Mtambo niliuuza kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu aliyekuja na watu wa kuukata vipande. Tipa ilifuata, benki ilitaka lake. Nilibaki na lori moja, nikaanza tena kubeba mahindi ya Lugari, safari hii nikiwa mbele kwenye usukani, na shemeji yangu pembeni. Nimekwisha kusimama tena tangu siku zile, anayetaka kujua aje Shieywe aone nyumba.

Mke wangu huniuliza mara mojamoja mzee alinigharimu kiasi gani. Humwambia sikumbuki. Lakini mimi ni mtu wa hesabu za kichwani, sisahau. Ng'ombe simhesabu, sukari na mafuta ya taa sivihesabu. Ukiondoa bei niliyopewa ya chuma, ukaweka mkanda, lami iliyogandia kwenye tangi la pampu, patasi na kuni, riba ya benki, na bei ya mtambo wenyewe, ilikuwa shilingi elfu ishirini na moja, mia sita na arobaini na saba, na senti hamsini.